Kipande Kilichokatwa kwenye Mkanda wa Harusi ya Adela

Kemilembe, haya kanisimulia Adela mwenyewe mchana huu, kaja kwa miguu kutoka Mabira.

Unaukumbuka ule mkanda wa sinema aliowapigia padri siku ya harusi yao, yeye na Gosbert. Mjukuu aliupeleka mjini kwa fundi mwenye skana, mashine inayonakili picha moja moja mpaka mkanda wote uingie kwenye simu. Adela alikuwa anangoja kitu kimoja tu, sura ya mama yake. Marehemu hakuacha picha nyingine.

Mama hayumo.

Gosbert miaka yote alimwambia mkewe kipande chenye mama yake kiliunguzwa na jua. Fundi kasema hapana, kimekatwa kwa mkasi, mkanda ukaungwa kwa gundi.

Adela akamuuliza mumewe. Mzee alikuwa anakunywa uji, hata macho hakuinua. "Nilikata mimi. Mama yako alikataa kunywa kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, mbele ya wageni. Kipande nikakichoma."

Kwa mkasi, Kemilembe. Miaka hamsini anambembeleza mkewe kwa uongo.

"Si ungekata kibuyu, ukaniachia uso," Adela akamwambia. Mzee akajinyoosha mkekani, akakoroma.

Adela naye sasa kalala kitandani kwangu, viatu miguuni, kopo la mkanda kifuani.