Kahawa Waliyoitema Wageni

Nyakato, Mwanza
Jumanne

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa zile siku zote ulizonipigia simu nikakwambia niko darasani wakati sikuwepo. Natumaini goti limetulia, na kwamba dawa ya kuchua aliyokuletea Jovinary inakusaidia, ingawa namjua kaka yangu, akitumwa dukani hununua kilicho karibu na mkono wake. Migomba inaendeleaje? Upepo wa wiki iliyopita ulioezua mabati hapa Nyakato nasikia ulifika mpaka huko Kemondo. Mimi ni mzima wa mwili. Yaliyobaki ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Tafadhali vaa miwani uisome mwenyewe, usimpe Jovinary akusomee. Ningeweza kupiga simu, lakini wewe huweka sauti ya juu, na kabla sijamaliza salamu Jovinary anakuwa ameshakaa na jirani yetu Specioza ameshafika kuazima chumvi. Kwa hiyo nimempa barua hii kondakta wa basi la Bukoba, na kesho itakufikia.

Kila mara unaniuliza ninasoma nini hasa, ili uwe na la kuwajibu akina mama wa jumuiya. Asubuhi nasoma Kifaransa. Tunajifunza kuagiza chakula kwenye mgahawa ambao hakuna hata mmoja wetu atakayeuingia, na kumwuliza mzee mmoja wa kitabuni njia ya kwenda stesheni, mwaka wa tatu sasa tunamwuliza yeye yule. Wapo wenzangu ambao wakishajua maneno ishirini humwagizia mama ntilie wa getini wali maharage kwa Kifaransa, naye huwapakulia wali maharage bila hata kuinua macho.

Mchana nasoma filamu na televisheni. Studio yetu ina meza ya msomaji wa habari iliyopakwa rangi upande wa mbele tu, na kamera tatu, moja ndiyo nzima. Darasani tuko hamsini na wawili. Mwaka wa kwanza wote nilishika kamera mara mbili, na mara moja kati ya hizo nilikuwa namshikia mtu afunge kiatu. Anayetufundisha filamu za maisha halisi ni Daktari Luhende, ambaye huvaa skafu ya sufu hapa hapa Mwanza, mwezi wa Februari. Ametengeneza filamu moja maishani mwake, ya dakika kumi na moja, nasi tumeshaonyeshwa mara tano. Hutuambia kwamba filamu ya maisha halisi isiyomwumiza mtazamaji ni tangazo la sabuni, na darasa zima huinama kuandika.

Aliyeyaandika maneno hayo kwa herufi kubwa kuliko wote ni Chenge. Huyo ndiye kijana mrefu uliyemwona, aliyekuja kwetu na viatu vyeupe. Chenge anaishi Capri Point kwenye nyumba yenye geti linalojifungua lenyewe, na hakuna anachokipenda duniani kama maskini. Filamu yetu ya kumaliza chuo aliiandika yote kabla hatujampata mtu wa kumpiga picha: mjane, njaa, na mwanaume katili. Alikuwa mwongozaji, Precious akashika kamera, mimi nikapewa tafsiri ya Kifaransa, kwa sababu filamu ingeonyeshwa mbele ya wageni kutoka Ufaransa. Precious ni yule binti aliyekuwa anapiga picha jua likizama wakati wewe unaongea.

Kwanza tulikwenda soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba kumtafuta huyo mjane. Chenge alimwendea mama mmoja mwuza dagaa akamwambia amekuja kumpa sauti. Yule mama akamjibu kwamba sauti anayo, na kwamba kama hanunui asogee, anawazibia wateja. Chenge akaendelea kumweleza. Basi sauti ile aliyokuja kumpa akaisikia, pamoja na ya mstari mzima wa wauza dagaa, tukatoka pale mbio na Precious ana magamba ya samaki mpaka kwenye nywele. Nilicheka njia nzima. Ila tulipofika chuoni bila mjane, nilisema kwamba mimi nina mama, na ni mjane, na hatatufukuza. Nilisema mwenyewe, hakuna aliyeniuliza.

Njiani kuja huko nyumbani Chenge alinuna kwa sababu ya daraja la Kigongo. Alikuwa ametegemea kivuko, watu wamebanana na kuku wao, akakuta tunapita juu ya ziwa dakika chache tu, barabara safi, upepo mzuri. Akamwambia Precious azime kamera, kwamba daraja linatuharibia filamu. Huyo ndiye mtu niliyemleta uani kwako, Mama, nikamkalisha kwenye kiti cha Baba.

Unakumbuka ulivaa kitenge chako cha Pasaka. Chenge akaomba ubadilishe uvae kile cha kupalilia, ukakataa, ukasema mtu haendi kuonwa na watu akiwa na nguo ya shambani. Kisha nikakuomba mimi, ukaingia ndani ukabadilisha. Halafu ukaleta kile kikapu kidogo cha akamwani, kahawa uliyoichemsha na kuikausha mwenyewe, ukawapa wageni watafune, kama anavyopewa kila mgeni kwetu kabla ya neno lolote. Waliipokea kwa mikono miwili, kisha wakazunguka nyuma ya mgomba wakaitema. Uliniuliza kama wameipenda nikasema wameipenda sana. Chenge aliniuliza baadaye kama kwetu watu hutafuna kahawa kwa kukosa chakula.

Halafu uliongea, kwa Kihaya, karibu saa nzima, nao wakitikisa vichwa kama wanaelewa. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa naelewa.

Filamu ilionyeshwa hapa mjini mwezi uliopita, na nilikueleza kwa simu kwamba wageni walilia. Ni kweli walilia. Mama mmoja wa Kifaransa alinishika mikono yote miwili, machozi yanamtoka, akaniambia mimi ni shujaa kutoka mahali kama pale, nami nikamshukuru kwa sarufi safi kabisa. Tukapata zawadi ya kwanza, nayo ni miezi mitatu ya masomo Ufaransa kwa mmoja wa kikundi, na kwa kuwa Chenge na Precious Kifaransa hawakijui, mmoja huyo nikawa mimi. Ulipiga vigelegele kwenye simu mpaka Jovinary akadhani kuna harusi. Sikukwambia walilia kwa nini.

Sikujua kwamba Chenge alituma flashi yenye filamu kwa Padre Revocatus, parokiani kwetu, aionyeshe kwa waumini huku mtu akiwarekodi wakijiangalia, ili aongeze kipande hicho kwenye filamu. Nilijua Jumapili uliponipigia ukiwa umefurahi kuliko nilivyowahi kukusikia tangu Baba afariki. Ulisema Padre ametangaza baada ya misa kwamba Jumapili ijayo watu wote wakusanyike ukumbini. Na kwamba kwa kuwa yeye alisoma Kongo miaka sita, atasimama kando ya pazia asome yale maandishi ya chini ya picha, mstari kwa mstari, ili parokia nzima ijue Wazungu waliambiwa nini juu yetu. Ulisema kitenge cha Pasaka umeshakifua.

Mimi niliyewacheka wenzangu kwa kila kitu, nilidhani Kifaransa ni chumba ambacho watu wa nyumbani hawana ufunguo wake. Niliwasahau mapadre wetu wote waliopelekwa kusoma Kongo na Burundi. Mtu wa Mwanza angeweza kukosea hivyo, lakini si mtoto wa Kemondo aliyebatizwa na mmoja wao.

Jana asubuhi Padre Revocatus alinipigia. Alikuwa ameshaitazama filamu peke yake. Hakunikaripia. Aliniambia mwishoni ameona limeandikwa jina la mtafsiri, Noela Yakobo, akataka kujua kama huyo Yakobo ni yule ambaye yeye Padre alimzika, au kama wewe uliwahi kuwa na mume mwingine. Nikasema ni yuleyule. Akasema Jumapili atasoma kilichoandikwa, kwa sababu kingine hajui kukisoma, na kwamba kuanzia siku hiyo mpaka Jumapili kuna muda wa kutosha wa mtoto kuongea na mama yake.

Sasa sikia, Mama. Yale maneno ya Kifaransa niliyaandika mimi, na siyo uliyoyasema. Pale ulipowapa wageni akamwani ukasema karibuni, hiki ndicho cha kwanza, Kifaransa kinasema kwamba tunatafuna kahawa ili tusahau njaa. Pale uliposema Baba alikuwa akienda kisimani mwenyewe mchana kweupe, ndoo kichwani, wanaume wenzake wakimcheka mpaka mlangoni, kwa sababu mimba yangu ilikuwa inakusumbua, Kifaransa kinasema kwamba alikupiga hata ulipokuwa na mimba yangu. Ulipocheka ukikumbuka alivyoteleza akamwaga maji yote, akageuka kurudi kisimani bila kusema neno, Precious alikata kicheko akaacha pale tu ulipojifuta macho. Chini ya picha hiyo nikaandika kwamba namshukuru Mungu alikufa.

Sikulazimishwa na mtu. Chenge aliniuliza tu kama mama hasemi kitu kizito zaidi, nikamwambia anasema.

Ungedhani nilifanya hivyo kwa ajili ya Ufaransa. Zawadi hata haikuwa imetajwa bado. Nilikaa mbele ya kompyuta nikakusikiliza ukisimulia ndoo ya maji, nikaona haya. Nikaona hakuna atakayekaa kitini kumsikiliza mama wa Kemondo aliyependwa na mumewe. Nimekuandikia kurasa hizi zote nikiwadharau Chenge na skafu ya Daktari Luhende, na bado nawadharau, lakini wale Kihaya hawakijui. Mimi nilikuelewa kila neno, na ndiye niliyeliona halifai.

Leo nimewapelekea waliotoa zawadi tafsiri ya kweli, pamoja na maelezo. Ufaransa sitakwenda. Chenge hanisemeshi tena, na ningejua ni rahisi hivyo kumnyamazisha ningeanza mwaka wa kwanza. Kisha nimekaa studio nikayaandika upya maneno yote ya chini ya picha, kama ulivyoyatamka, na kile kicheko nimekirudisha chote. Nimekisikiliza mara nyingi leo. Nilikuwa sijawahi kugundua kwamba ukimtaja Baba unacheka kwanza ndipo unaongea.

Jumamosi nitapanda basi la alfajiri nikiwa na flashi mpya. Padre amekubali kusoma hiyo. Lakini kabla hajasoma nataka nisimame mbele ya watu niwaeleze nilichoandika mwanzo, kwa Kihaya, maana filamu ya kwanza imeshatazamwa na wageni na haitarudi, na iko siku mtu atawasimulia. Bora waisikie kwangu ukiwa umekaa pale wanakuona. Hili ni langu, ila jina ni lako, kwa hiyo ukikataa nitanyamaza. Na ukisema hutaki kuniona kwanza, nitashuka kituoni nimkabidhi Jovinary flashi, nigeuze na basi la Jumapili. Nitaelewa. Kile kitenge cha Pasaka tu nakuomba ukivae, lolote liwalo.

Msalimie Jovinary, na umwambie dawa ya kuchua haipakwi juu ya suruali, nilimwona mara ya mwisho. Msalimie mama Specioza na akina mama wote wa jumuiya, ikiwa baada ya Jumapili watataka salamu zangu.

Baba tu ndiye nakuomba usimpelekee salamu. Ukienda kufagia pale mgombani alipolala, usimweleze chochote, mwache bado anajua mtoto wake anasoma Kifaransa. Nikishuka kwenye basi nitapitia kisimani nichote ndoo moja, niipeleke kichwani mpaka kwake, watu wacheke wakitaka. Nitamwambia mwenyewe kabla sijaingia ndani.

Ni mimi mwanao,
Noela Yakobo