Pua ya Konkodi na Mkono wa Rahma

Mpendwa mwanangu Said,

Assalaam alaykum. Nataraji barua hii itakukuta mzima huko ugenini, umekula, na lile sweta nililokupa umelivaa, si umelitia kabatini. Sisi huku hatujambo kwa uwezo wa Mola. Bibi yako hajambo, ni miguu tu, na kila akiamka anauliza unakuja lini. Ami yako Haji hajambo, kila alasiri yuko hapa Mkunazini anakunywa kahawa yangu na kunipa fikra zake. Dada yako Rahma hajambo, kashaanza kukaa ndani, anasuguliwa singo ya biharusi, nyumba nzima inanukia. Khamis, mchumba wake, hajambo, kaja juzi kutoka Tunguu anakosomesha, kaleta shelisheli mbili kubwa. Hata paka wako yule wa mkia mkato hajambo. Na mimi sijambo, lakini ya mdomoni.

Naandika kwa mkono kwa sababu nikikutumia sauti kwenye simu unanisikiliza huku unapika, unajibu la mwanzo, la mwisho unaliwacha. Barua Ami Haji ataipiga picha akutumie. Akisoma nliyomuandika yeye, shauri yake.

Said, nimeudhika. Uliponambia hutokuja kwenye nikaha ya dada yako nlidhani kazini wamekunyima ruhusa. Kumbe ruhusa umepewa. Unakwenda kuitazama Konkodi, ndege ilostaafu, ilowekwa ndani ya banda, isiyoruka tena, kwa sababu Jumamosi, kesho yake baada ya nikaha, wazee wenzio wanaoipenda wataitia umeme waiteremshe pua. Pua tu. Halafu waipandishe.

Nikakuuliza hawawezi kuiteremsha siku nyengine? Ukasema, "Mama, mafundi wenyewe wazee, na mipira ya hiyo pua imechoka. Pengine ndiyo mara ya mwisho."

Na Rahma je, mwanangu, ataozwa mara ngapi?

Usidhani mimi siijui Konkodi. Nimeishi nayo. Marehemu baba yako, alipokuwa akipakua mizigo uwanja wa ndege, ndiye alokuja na ule ukurasa wa gazeti la picha walouwacha abiria, akaubandika ukumbini kwa uji wa ngano. Nikamwambia ukuta umepigwa chokaa juzi. Akasema, "Bi Zuhura, hiyo si picha, hilo ni dirisha." Hapa kwetu haikuwahi kutua hata siku moja, wala yeye hakuwahi kuiona, lakini akiisema utafikiri kaipanda asubuhi. Unakumbuka ulivyokuwa ukimuuliza? "Baba, kweli inaipita sauti?" Na yeye, "Inaipita. Ukimwita rubani hakusikii, kashafika." Na mimi jikoni nawajibu, "Basi na wewe rubani, maana nakuita ukate kuni hunisikii."

Halafu ile Konkodi yenu ya maboksi. Pua mliitengeneza kwa karatasi ya njugu ilokunjwa pembe, mkaifunga uzi. Wewe unakimbia nayo kutoka ukumbini mpaka mlango wa uwani, baba yako kashika uzi nyuma yako, anapumua kama kapanda mnazi. Ukikaribia mlango anauvuta, pua inainama, na nyote wawili mnapiga kelele kuwa mnatua. Nikauliza pua inainama ya nini. Ukaniangalia kama mwalimu. Ukanambia, "Mama, pua yake ndefu. Isipoinama rubani haoni ardhi."

Na siku ilipotangazwa redioni kuwa zimestaafishwa zote, ulikaa barazani ukalia, baba yako pembeni kaiinamia redio yake. Bi Mwanaidi wa nyumba ya pili akapita, akaona mwanamme kainama na mtoto analia, akarudi kwao kujitanda kanga akaja kutupa mkono wa pole. Akauliza nani katutoka. Ukamjibu, "Konkodi." Maskini Bi Mwanaidi, "Inna lillahi. Alikuwa wa upande wa baba au wa mama?" Baba yako alicheka mpaka akaondoka barazani. Wewe hukucheka. Hujacheka mpaka leo, naona.

Mimi sikukatazi kuipenda. Ile video ulonitumia ya mwanzo niliitazama mpaka mwisho, wale wazee wa kizungu na kofia zao, wanaigusa ile ndege ubavuni kama mtu anamgusa mgonjwa. Ilinigusa. Nlisema hawa nao wana marehemu wao. Lakini marehemu wangu mimi ni baba yako, na yeye kauwacha wasia.

Ulikuwepo. Rahma alikuwa mdogo, kalala miguuni kwake kitandani. Baba yako kakushika mkono wa kulia, akasema, "Siku ya Rahma, mkono huu ndio wangu." Hakusema mkono wa Haji. Ulikuwa mvulana tu, ukasema "Naam, baba," na mimi nlikuwa mlangoni na kikombe cha uji.

Sasa unanambia umemuweka Ami Haji awe wakala wako, na kisheria inafaa. Najua inafaa. Nimemuuliza shekhe, kasema walii, yule mwenye haki ya kumuoza, akiwa mbali anamuweka wakala, hapana tatizo. Mimi sikusema nikaha haitosihi. Nasema Ijumaa ya nikaha, baada ya sala, Khamis atanyoosha mkono pale msikitini, na mkono utakaomshika hautakuwa ule alouchagua baba yako. Hata huyo Haji mwenyewe haipendi. Kanambia, "Shemegi, kijana anawacha kumuoza dada yake kwa ndege isiyokwenda hata chooni?" Nikamjibu usinisemee mwanangu, kunywa kahawa yako. Kisha nikaingia ndani nikalia.

Rahma nimeshamwambia. Nlipomwambia alikuwa kashika kanga ananusa udi, akasema, "Muwache, mama, anaipenda." Toka siku hiyo hakuniuliza tena kama unakuja. Afadhali angepiga kelele.

Mimi ndege naziogopa, unajua. Kila ikipita moja juu ya paa nasoma Ayatul Kursi, hata kama aliyemo simjui, maana huenda ni mwanangu. Ukipanda sitolala mpaka utue. Lakini panda. Mtu anaipenda ndege inayoipita sauti, na sauti ya mamake ndiyo haimfikii. Ile pua wenzio watakupigia picha, uitazame hapa ukumbini, chini ya ule ukurasa wa baba yako. Bado upo, ukuta sijaupaka tena.

Teremsha pua na wewe, Said. Uione ardhi.

Shekhe anapita kwetu Alkhamisi hii, nikaha bado wiki moja, kuchukua jina la atakayeoza. Nimemwambia Ami Haji asimpe jina lake mpaka nikusikie wewe. Basi nijibu kabla ya hapo, neno moja tu linatosha, wala usinitumie kwa Rahma. Nitumie mimi.

Ni mimi mama yako, nnayekungojea.