Tyson Ameombewa Mountain View

Oduor, nimetoka kujitambulisha kwa kina Lornah huko Mountain View sai. Bado siamini.

Babake aliniuliza bondia bora wa uzito wa juu ni nani. Nikasema Tyson, watu walikuwa wanalala raundi ya kwanza.

Mzee akaweka kikombe chini. "Ali alimchosha Foreman mpaka akaanguka. Tyson aling'ata mtu sikio. Huyo ndiye unaniletea?"

Lornah akanifinya. Unanijua, nikaendelea kubishana.

Chakula ikaletwa, tukafunga macho. Mzee akaombea kuku, akaombea waliopika, halafu: "Na huyu mgeni, Bwana, umtoe kwa Tyson."

Umtoe kwa Tyson. Kwa maombi, buda.

Wote wakasema amina, Lornah kwa nguvu zaidi.

Nikafungua jicho moja. Mzee ananiangalia, anangoja yangu. Kuku inapoa.

Nikasema amina.