Meza ya Mgiriki

Sokon I, Arusha
Jumatatu

Dada yangu Ndeshi,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje na baridi ya huko Momela? Yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Sisi huku wazima, isipokuwa mgongo wangu, nao hauumi, umechoka tu kubeba sifa zangu. Usicheke mwandiko. Huu ni wa ngumbaro, na kitabu cha pili sikumaliza. Lakini nitajie fundi mwingine Arusha nzima aliyejenga nyumba ya pembe sita ikakaa kama yangu! Hata mlima Meru unaionea wivu.

Ningekupigia simu, ila kwenye simu ningekuchekesha, jambo likapita.

Dada, nimesalitiwa. Sylvanus unamjua, fundi mwenzangu, tumekula sufuria moja miaka arobaini. Tukiwa kazini nilikuwa namsimulia habari za yule Mgiriki wa shamba la kahawa. Kwamba kwao meza ni trapezi, ndiyo maana wasomi wanaliita lile umbo la pande nne trapeza. Kwamba kona ni gonia, tena gonia ni ndugu wa neno lao la goti, maana kona si ni goti lililokunjwa? Na tano ni pente, ukiibandika hapo unapata pentagoni. Siku moja kule Kwa Mrombo nilimweleza injinia mzima, akaacha ramani yake juani akanifuata mpaka kwa mama ntilie, mdomo wazi.

Basi juzi shule ya hapa mtaani ilikuwa na siku ya wazazi, wakatafuta mzee wa kuwaeleza watoto asili ya maneno hayo ya hesabu. Mwalimu mkuu alimuuliza Sylvanus, jirani yake. Sylvanus akaja kuniambia nivae koti, nitaitwa. Nikavaa lile la harusi, nikakaa mstari wa mbele.

Akaitwa Sylvanus! Akasimama, akasema yeye ndiye aliyekuwa jikoni kwa Mgiriki, yeye ndiye aliyechorewa maumbo kwenye unga wa ngano juu ya meza. Tena akamwigiza Mgiriki kwa sauti ileile ninayoigiza mimi. Watoto makofi, yeye akavishwa shuka jekundu kama laigwanani, kiongozi wa Kimaasai. Akanitazama, akanikonyeza.

Nikasimama nimwite mwizi mbele za watu. Mdomo ukagoma. Nikakaa. Mama mmoja akaniuliza kama ni mgongo.

Kesho yake akamtuma kibarua wetu Loserian na jani la isale, lile ambalo kwetu ukiletewa lazima usamehe. Nikaliacha juu ya ukuta. Loserian akanicheka, eti nimeganda kuliko zege la jana, na isale hairudishwi. Nikamwambia aende, kuna jambo langu la kumaliza kwanza.

Jambo lenyewe ni hili. Mimi nilikuwa jikoni lini? Nilikuwa nachunga mbuzi. Ni wewe uliyefuta ile meza. Ni wewe uliyechorewa kwenye unga ukikanda mkate, ukirudi nyumbani unanichorea mimi kwenye majivu. Baba alisema shule ni ya wavulana, na mimi mvulana nikaikimbia. Miaka hamsini nasema nilikuwa mimi. Hata kwenye kipaimara cha Eliya wako nilisema mbele yako, watu wakacheka, wewe ukaendelea kumimina chai. Nilidhani umesahau. Juzi pale kwenye kiti ndiyo nimejua mtu akinyamaza vile anakuwa anasikia nini.

Mwalimu mkuu nimeshamwambia yote. Amesema Ijumaa atawakusanya watoto tena, uje uwaeleze wewe. Sylvanus nimemsamehe, naye shuka amelikunja, linakungoja. Nitasimama mimi kwanza niungame uongo wangu, halafu nitakaa nikusikilize. Usicheke, najua sijawahi.

Msalimie Eliya na wajukuu, na huyo ng'ombe.

Ndani ya bahasha kuna jani la isale. Si lile la Sylvanus. Hili nimelikata mwenyewe.

Mdogo wako,
Elisaria