Mwaka wa Kuzaliwa wa Baba Wendelin na Nyumba za Karatasi za Japani

Mwaka umetimia leo, Desemba 11, 1995, Baba yetu Wendelin Ndunguru, tangu utuache hapa Mbinga. Wiki hii tunalijengea kaburi lako kwa saruji, na fundi Hyasinti anauliza aandike ulizaliwa lini.

Ulikuwa mtu wa taratibu. Miaka ishirini ulichambua kahawa kiwandani, na kila Noeli ulitoa sandukuni nyumba tatu ndogo za karatasi ngumu, ukazipanga kando ya pango la Mtoto Yesu. Mapaa yake yalinyunyiziwa unga unaometa, madirisha yalikuwa ya karatasi nyekundu inayopitisha mwanga, na nyuma kila moja ilikuwa na tundu la balbu, ingawa kwetu hapakuwa na umeme. Masista wa Lundo walimpa mama yako, Bibi Emiliana, mpishi wao, zikiwa mpya ndani ya boksi, Noeli ile ile uliyobatizwa.

Biashara ya kahawa ilipoanza kufunguliwa kwa watu binafsi, kiwanda kikapunguza watu, kikianza na waliofika miaka hamsini na mitano. Kitabu cha ubatizo kilishaliwa na mchwa. Faili lako lilisema 1938, mwaka aliokukadiria karani kwa kutazama mvi, nawe mvi zilikuanza ukiwa kijana. Siku ya kwanza ulipoambiwa umo kwenye orodha ulicheka. Siku ya pili hukucheka.

Ndipo ulipogeuza nyumba moja ukamwonyesha Mwalimu Nazari mhuri wa zambarau chini yake. Akausoma mara mbili.

"Baba Edina, hapa wameandika imetengenezwa Japani iliyo chini ya utawala wa wageni. Maneno haya waliyaweka baada ya vita tu, arobaini na saba mpaka hamsini na mbili. Kama zilikuja mpya ukiwa mchanga, hiyo thelathini na nane wameitoa wapi?"

"Basi mimi ni wa arobaini na tisa," ukajibu, "hapo katikati."

Siku hiyo ulirudi nyumbani kifua mbele.

Edina, binti yako mkubwa, alitaka nyumba hizo zing'ae kabla hujazipeleka ofisini kwa karani. Ilikuwa karibu na Noeli ya 1993, na kama tunavyosafisha kila kitu majira hayo, alizipangusa zote tatu kwa kitambaa kibichi, juu na chini. Mihuri yote ikaishia kwenye kitambaa.

Hukumgombeza. Ulisema tu, "Basi, mwanangu," ukazibeba hivyo hivyo. Karani alizigeuza, akaona karatasi tupu, akasema, "Mzee, haya ni mambo ya watoto kuchezea." Januari ukastaafishwa. Ulishika jembe, lakini tulikuona ukinyamaza na kukonda, na homa ilipokuja ilikukuta umeshakata tamaa. Tunaumia, Baba. Labda karani angekataa hata kama mhuri ungekuwepo. Hatujui, na Edina hutuuliza mpaka leo.

Mjomba Pankras alitaka iandikwe 1938, kwa kuwa ndiyo iliyomo kwenye karatasi za ofisi. Edina akasimama mbele ya ukoo mzima.

"Walimzeesha akiwa hai, mjomba. Kaburini hapana."

Fundi ameandika 1949.

Unakumbukwa na mkeo Hedwiga, wanao Edina, Rodrick na Dastan, shemeji yako Pankras, rafiki yako Mwalimu Nazari, na ndugu wote wa Mbinga, Lundo na Kihagara.

Lala na miaka yako mwenyewe, Baba. Hatutakusahau kamwe.