Milango ya Upande wa Kushoto

Kwako Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi vizuri, goti limepunguza ukali na kile kikohozi cha asubuhi kimekuachia nafasi ya kupumua. Sisi huku tu wazima. Mjukuu wako Chiriku hajambo kabisa. Ameng'oka jino la mbele, ila pengo halijampunguzia maneno hata moja. Anakusalimu, na anasema nikuambie kwamba siku hizi herufi zake hazivuki mstari.

Najua utajiuliza kwa nini mtu anayekupigia simu kila Jumapili ameamua kushika kalamu. Kwenye simu mimi ni hodari wa kukwepa, Dada, na wewe unanijua. Karatasi hainiulizi goti linaendeleaje ninapofika penye uzito.

Ni habari ya gari la marehemu baba. Ulipokuja mara ya mwisho uliona milango ya upande wa kushoto imebonyea, wa mbele na wa nyuma, ukasema baba angeiona angeugua. Nikakujibu kwamba watu wa sokoni na mikokoteni yao hawana adabu. Basi, mwezi uliopita rangi ilianza kuvimba chini ya mlango wa mbele kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto. Nikaibonyeza kwa kidole, kidole kikazama. Ndipo nikalipeleka kwa fundi wa bodi wanayemwita Mzee Taratibu, jina alilobandikwa na wateja waliochoka kumsubiri.

Karakana yake ni paa la bati juu ya nguzo nne, na kiti cha wageni ni kiti cha gari kilichong'olewa. Nilikikalia siku nne nikimtazama. Alifungua ubao wa ndani wa mlango, akazamisha mkono hadi kiwikoni, akatoa matope, majani makavu, penseli mbili za Chiriku, na kile kitana changu nilichodhani mpangaji wangu amekiiba, nikamnyima salamu mwaka mzima. Kisha akanionyesha vitundu vidogo chini ya mlango, vya kutolea maji ya mvua yanayopenya kwenye kioo. Vilikuwa vimeziba. Akaniambia maji yalikuwa yakilala humo, na kutu ikala bati kutoka ndani, huku mimi nikiosha nje kwa sabuni na kujisifu.

Alishikilia chuma kizito kwa nje, akagonga kwa nyundo kwa ndani, akianzia pembeni kuelekea katikati. Nilimuuliza kwa nini asipige katikati yakaisha. Akanieleza kwamba bati likipigwa kwa pupa hutanuka, na likishatanuka halikubali tena umbo lake. Sehemu iliyooza aliikata, akachomelea kipande kipya, akapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, na hapohapo akapaka rangi ya kuzuia kutu. Chuma kitupu, alisema, hakiachwi hadi kesho. Puti, ule udongo wa kusawazishia bati, alipaka kidogo tu. Fundi anayejaza puti nyingi, kwa maneno yake, anamvika mgonjwa suti.

Siku ya pili aliniita karibu.

"Mama, mlango huu haukugongwa," akasema. "Huu umegonga."

Akanionyesha kwa kucha. Mikwaruzo yote ilitoka mbele kwenda nyuma, na ndani yake mlikuwa na rangi zisizo zetu: kijani, nyeupe, tena nyeupe. Kijani ni ukuta wa jirani. Nyeupe ni nguzo ya geti la shule. Nilimwambia anyooshe bati na kuacha maneno. Hakubishana. Akauliza tu kama nitakunywa chai, nikamjibu nitashukuru, nikakaa kuisubiri. Kumbe alikuwa amesimama kushoto kwangu na kikombe mkononi. Nilikitambua mvuke uliponigusa shavu. Alinishikisha mkononi, akarudi kwenye bati lake.

Dada, nimeendesha basi la shule miaka ishirini na sita bila kumkwaruza hata paka. Siku ile niliingia bafuni nikaziba jicho la kulia, nikakitazama kioo. Sikujiona. Palikuwa na mwanga kama wa taa nyuma ya pazia zito, basi. Wala sitakudanganya kwamba nilishtuka. Nilikuwa najua kwa muda mrefu kuwa upande ule unanitoroka. Sikutaka kuulizwa.

Daktari wa macho amesema ni shinikizo ndani ya jicho. La kushoto limekwenda na halitarudi. La kulia litalindwa kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni, maisha yangu yote. Kuendesha gari, hapana tena.

Sasa nifike ninapoogopa. Unakumbuka ule uvimbe wa paji la uso la Chiriku, niliokuambia alianguka shuleni akicheza? Hakuanguka. Nilikuwa ninaendesha mimi, na nguzo ya geti sikuiona. Yeye alikuwa amekaa upande huohuo. Nilimfuta damu kwa kanga yangu, kisha nikamwambia aseme alianguka, na asimwambie mtu, hata wewe. Mtoto wa miaka saba, Dada, nikampa mzigo wangu abebe.

Tangu siku hiyo alianza kunitajia njia. "Bibi, ukuta." "Bibi, kuna baiskeli." Mimi nikadhani ni uchiriku wake, mara nyingine nikamwambia anyamaze. Juzi nilipomwomba msamaha nilimuuliza kwa nini hakumwambia mtu yeyote.

"Ulisema nisiseme," akanijibu. "Kwa hiyo nikawa naangalia."

Gari liko tayari, milango imenyooka, na funguo nimeziacha kwa Mzee Taratibu ili mkono usinishawishi. Mwanao, mama yake Chiriku, aje alichukue, na umsomee barua hii kabla hajaja. Nimechagua asikie kutoka kwako kwa sababu nina aibu. Kuhusu mtoto, amueni ninyi wawili. Mkimchukua, nitamfungia nguo zake mimi mwenyewe na sitanung'unika. Mkimwacha, shule si mbali kwa miguu. Wiki hii tumekwenda hivyo, naye hutembea kushoto kwangu bila kuambiwa.

Nisalimie wote hapo nyumbani, mkubwa kwa mdogo, na jirani yako mwenye redio ya kelele. Utakaponijibu, usinionee huruma kabla hujamaliza kunikasirikia.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Basi