Nia ya Misa kwa Wenye Barua

Bugarama, Jumapili

Nimemwambia Baba leo. Redio imesema mahakama huko ng'ambo imewazuia matapeli wanaomwandikia Baba kwamba ameshinda gari.

Barua zao hupitia sanduku la parokia, na katekista humwita jina baada ya misa. Kwa Baba, kinachotolewa kanisani hakiwezi kuwa uongo. Ndiyo maana alichinja dume lake la pekee la ng'ombe, akawalisha majirani nyama ya shukrani.

Alinisikiliza hadi mwisho. Nikadhani ameelewa.

"Kumbe ndiyo maana gari limechelewa," akasema. "Maskini, wamezuiwa! Mwanangu, kawaandikishie nia ya misa, waombewe washinde kesi."

Nilimwitikia tu.

Nia nitaipeleka. Ila nitaandika jina la Baba, si lao.